Bunduki za babu katika vita vya wajukuu: Silaha kongwe zinazotekwa zinatuambia nini?

Katika mahandaki ya mashariki mwa Ukraine, karibu na mji wa Bakhmut, waandishi wa habari walipiga picha za bunduki ya rashasha yenye magurudumu mawili ya chuma, ngao mbele, na pipa nene la kutia maji kuzunguka mtutu. Vijana waliokuwa wakiitumia walizaliwa katika enzi ya simu za mkononi. Bunduki yenyewe ni Maxim, na muundo wake wa msingi ulibuniwa na Hiram Maxim mjini London mwaka 1884.

Picha kama hizo zimeenea sana tangu Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022. Siku moja ni Maxim. Siku nyingine ni bunduki ya kukoki kwa mkono iliyoanza kutumika wakati wa mfalme wa Urusi, imetekwa kutoka kwa mpiganaji aliyekimbia au aliyejisalimisha. Anayeishika mbele ya kamera huwa anacheka, na watazamaji nao hucheka. Lakini kicheko kinaficha maswali mazito. Silaha hizi zilitoka wapi? Kwa nini bado zinaua? Na baada ya picha kupigwa, zinakwenda wapi?

Katika makala haya tunafuata bunduki hizo kutoka Ukraine hadi Afghanistan na Syria, kisha tunarudi nyumbani Afrika Mashariki, ambako historia ya silaha zilizotekwa ni ndefu kuliko wengi wetu tunavyokumbuka.

Nyara, ngawira na tofauti yake

Tuanze na maneno. Kiswahili kina neno nyara, na kina neno ngawira. Katika mazungumzo ya kila siku watu huyachanganya, na yote mawili huweza kumaanisha kitu kilichochukuliwa vitani. Lakini msikilizaji wa Tanzania analijua neno nyara kwa namna nyingine pia: nyara za serikali, yaani pembe za ndovu, ngozi na vitu vingine vya wanyamapori ambavyo mtu haruhusiwi kuwa navyo bila kibali, hata kama amevikuta porini tu.

Mfano huo unatusaidia kuelewa silaha za vitani. Kwa sheria za kivita za kimataifa, bunduki inayotekwa kutoka kwa jeshi la adui haiwi mali ya askari aliyeiteka. Inakuwa mali ya dola yake. Askari akiificha katika begi lake na kuipeleka nyumbani, hajabeba kumbukumbu, amebeba mali isiyo yake. Tutarudi kwenye jambo hili baadaye, maana ndipo penye kiini cha habari yenyewe.

Ukraine: bunduki ya mwaka 1891

Mwaka 2022, viongozi wa maeneo ya Donbas yaliyokuwa chini ya wapiganaji wanaoungwa mkono na Urusi waliwaita wanaume kwa lazima kwenda vitani. Baadhi ya walioitwa walipewa bunduki aina ya Mosin. Bunduki hiyo iliidhinishwa na jeshi la Urusi mwaka 1891, mwaka ule ule serikali ya Ujerumani ilipochukua utawala wa koloni lake la Afrika Mashariki kutoka mikononi mwa kampuni ya kibiashara. Nyingi kati ya zilizobaki ni za toleo lililoboreshwa mwaka 1930, lakini mpigaji bado anapaswa kuvuta na kusukuma komeo kwa mkono baada ya kila risasi, wakati adui yake ana bunduki inayomimina risasi mfululizo.

Zilipotekwa na kupigwa picha, bunduki hizo zilikuwa ushahidi. Zilionyesha kwamba kuna watu walipelekwa mstari wa mbele wakiwa na silaha dhaifu na maandalizi haba. Picha moja ya bunduki kuukuu ilisema jambo ambalo msemaji wa jeshi asingelisema.

Hata hivyo, si kila silaha kongwe ni dalili ya dhiki. Ile Maxim inatumiwa na Waukraine wenyewe, na wana sababu. Maji yaliyo ndani ya pipa lake, takriban lita nne, huupoza mtutu, hivyo bunduki inaweza kufyatua kwa muda mrefu bila chuma kushika moto. Pamoja na kigari chake ina uzito wa zaidi ya kilo 60, na hakuna anayeweza kukimbia nayo. Lakini ndani ya handaki, ambako hakuna haja ya kukimbia, uzito huo unaifanya itulie. Vikosi vya ulinzi wa anga vimefunga Maxim kadhaa pamoja ili kuzitungua droni. Hivyo chombo cha karne ya 19 kinawinda chombo cha karne ya 21.

Pia kuna bunduki ndefu za kupigia vifaru zilizobuniwa na Wasovieti mwaka 1941 dhidi ya Wajerumani. Tangu vita vya Donbas vilipoanza mwaka 2014, zimeonekana mikononi mwa wapiganaji wanaoungwa mkono na Urusi. Kifaru cha leo hazikipasui. Gari lenye bati jembamba zinalipasua.

Afghanistan: taji la Malkia Victoria

Twende Helmand, kusini mwa Afghanistan. Mwaka 2010 na 2011, wanajeshi wa kikosi cha Marine cha Marekani waliokuwa wakipekua maficho ya silaha za Taliban katika eneo la Marjah walikuta, pamoja na Kalashnikov na mabomu ya kutegwa, bunduki aina ya Martini-Henry. Hii ni bunduki ya Uingereza iliyoanza kutumika mwaka 1871. Hupigwa risasi moja moja, na baada ya kila risasi mpigaji hushusha mkono wa chuma ulio chini yake ili kutoa ganda na kuweka risasi nyingine. Ubavuni huwa na taji na herufi V.R., yaani Malkia Victoria.

Imefikaje huko? Waingereza waliivamia Afghanistan kwa mara ya pili mwaka 1878. Julai 27, 1880, kikosi chao kilishindwa vibaya katika mapigano ya Maiwand, na bunduki za waliouawa zikabaki mikononi mwa washindi. Baadaye Amiri Abdur Rahman Khan alianzisha karakana mjini Kabul iliyotengeneza bunduki za mfano huo huo. Na ng'ambo ya pili ya milima, katika mji wa Darra Adam Khel ulio Pakistan ya leo, mafundi wamekuwa wakinakili bunduki za kila aina kwa vizazi kadhaa.

Nakala hizo zimekuwa mtego kwa wanunuzi. Fundi asiyesoma Kiingereza huchonga herufi kama anavyoziona, na mara nyingine herufi N hugeuka nyuma mbele, au tarehe hailingani na malkia aliyetajwa. Wanajeshi wengi wa Magharibi waliokwenda sokoni kutafuta bunduki ya kale walirudi na bunduki iliyotengenezwa na baba wa yule aliyewauzia.

Lakini si zote zilikuwa za mapambo. Bunduki ya Lee-Enfield, iliyorithi nafasi ya Martini-Henry katika majeshi ya Uingereza, iliwasumbua sana wanajeshi wa Kisovieti katika miaka ya 1980. Kalashnikov inafaa zaidi kwa umbali wa mita 300 hadi 400. Lee-Enfield, mikononi mwa mtu aliyezoea kuwinda milimani, hufika mbali zaidi ya hapo. Mpiganaji aliyekaa juu ya mlima aliweza kumpiga askari ambaye hakuweza kumjibu.

Syria: kontena lililofunguliwa Aleppo

Agosti 2012, waasi wa Syria katika eneo la Aleppo walitoa video ya ghala walilokuwa wameliteka. Ndani yake mlikuwa na bunduki ambazo wao wenyewe hawakuzijua vizuri. Kwa maelezo yao zilikuwa karibu 5,000. Wajuzi wa silaha walipoitazama video hiyo walishtuka. Zilikuwa StG 44, bunduki iliyotengenezwa na Ujerumani ya Hitler kati ya mwaka 1943 na 1945.

StG 44 si bunduki ya kawaida. Ndiyo iliyofungua njia ya aina nzima ya bunduki za leo, zile zinazotumia risasi ya ukubwa wa kati na kuweza kufyatua moja moja au mfululizo. Katika soko la wakusanyaji wa Ulaya na Marekani ni kitu adimu. Aleppo ilikuwa bunduki ya mtu aliyekosa Kalashnikov.

Safari yake si siri kubwa. Baada ya Ujerumani kushindwa mwaka 1945, maelfu ya bunduki hizo yalibaki katika nchi za Ulaya Mashariki. Nchi hizo zilipopata silaha mpya za Kisovieti, zile za zamani ziligawiwa kwa marafiki wapya Mashariki ya Kati na Afrika. Syria ilizipokea, ikazitumia kidogo, ikaziweka ghalani. Zikalala humo kwa miongo, mpaka vita vilipovunja kufuli.

Hapo tunapata somo la kwanza. Silaha iliyotolewa kama msaada haiishi pale inapotolewa. Aliyeitoa amekwisha kufa, nchi yake haipo tena kwenye ramani, lakini bunduki bado ipo.

Kwa nini bunduki haizeeki?

Gari la mwaka 1944 likiachwa nje miaka mitatu linaoza. Bunduki ya mwaka huo ikipakwa grisi nzito na kufungwa ndani ya sanduku kavu, inaweza kutolewa leo, ikafutwa na kufyatuliwa. Ni chuma kinene, mbao, na springi chache. Hakuna waya, hakuna betri.

Kinachoamua uhai wake hasa ni risasi. Bunduki ya Mosin inatumia risasi ya milimita 7.62 ambayo Urusi iliianzisha pamoja nayo mwaka 1891. Risasi hiyo hiyo inaingia katika Maxim ya Kirusi, na inaingia pia katika rashasha ya PKM na bunduki ya mdunguaji ya Dragunov, ambazo zinatumika leo katika majeshi mengi, yakiwemo ya Afrika. Viwanda havijaacha kuitengeneza. Kwa hiyo bunduki ya babu inakula sahani moja na bunduki ya mjukuu.

Martini-Henry haikubahatika hivyo. Risasi yake nene ya baruti nyeusi haitengenezwi tena kwa matumizi ya kijeshi, na ndiyo maana inapokutwa mafichoni mara nyingi huwa kumbukumbu ya ukoo kuliko silaha ya kutegemewa. StG 44 iko katikati: risasi zake hazipatikani kirahisi, lakini kiwanda kimoja cha iliyokuwa Yugoslavia kiliendelea kuzitengeneza baada ya vita.

Kwetu: kutoka Tanga hadi Abercorn

Wasomaji wetu wa Tanga na Mombasa hawana haja ya kwenda Syria kuona mambo haya. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari wa jeshi la Wajerumani huko Afrika Mashariki zilikuwa na bunduki za muundo wa mwaka 1871 zinazotumia baruti nyeusi. Kila risasi ilitoa wingu la moshi, na wingu hilo lilimwambia adui askari amejificha wapi. Wakati ule zilikuwa na umri wa miaka 43 tu, lakini tayari zilikuwa hatari zaidi kwa aliyezishika.

Novemba mwaka huo, Waingereza walishusha kikosi kutoka India katika pwani ya Tanga, wakashindwa, wakarudi melini kwa haraka. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliandika baadaye kwamba walikusanya bunduki nyingi na mamia ya maelfu ya risasi. Askari walioingia vitani na bunduki za moshi waliondoka na za kisasa. Nyara ziliwavalisha upya.

Hali iliendelea hivyo kwa miaka minne. Novemba 25, 1918, jeshi hilo liliposalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, lilikabidhi bunduki za rashasha 37. Kati ya hizo, 7 tu zilikuwa za Kijerumani, nyingine 30 zilikuwa za Kiingereza. Bunduki za kawaida zilikuwa 1,071, za Kiingereza na za Kireno. Jeshi la Wajerumani lilimaliza vita likiwa na silaha za maadui zake.

Ukifika Fort Jesus, Mombasa, utaona mizinga miwili ya meli. Mmoja ni wa manowari ya Kijerumani Königsberg, mwingine ni wa manowari ya Kiingereza Pegasus. Septemba 20, 1914, Königsberg iliizamisha Pegasus katika bandari ya Zanzibar. Julai 1915 yenyewe ikamalizwa katika delta ya Rufiji. Wajerumani waliiopoa mizinga yake kumi, wakaifunga magurudumu na kuiburuta nchi kavu, na mmoja baada ya mwingine ikaharibiwa au kutekwa. Leo watoto wa shule hupiga picha mbele ya mizinga iliyowahi kuwindana.

Wachache husimama kuwafikiria waliokuwa wakiiburuta: maelfu ya wapagazi wa Kiafrika, wengi wao wamekufa bila kaburi lenye jina. Nyara humkumbusha mtazamaji aliyeshinda na aliyeshindwa. Aliyebeba mzigo hayumo katika maandishi ya kibao.

Moroto 1979: nyara ambazo hakuna aliyezihesabu

Mizinga ya Fort Jesus imepoa. Kuna nyara nyingine hazikupoa.

Aprili 1979, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipouangusha utawala wa Idi Amin, askari wake waliokuwa katika kambi ya Moroto, kaskazini mashariki mwa Uganda, walikimbia. Ghala la silaha lilibaki wazi. Wafugaji wa jamii ya Matheniko, mojawapo ya jamii za Karamoja, waliingia na kuchukua maelfu ya bunduki, nyingi zikiwa za aina ya G3. Inasimuliwa kwamba wengine walizibeba kwa punda.

Kabla ya hapo wizi wa mifugo ulikuwapo, lakini wengi walipigana kwa mikuki na bunduki chache, zikiwemo zilizotengenezwa na mafundi wa huko kwa mabomba ya chuma. Baada ya Moroto mizani ilivunjika. Aliyekuwa na bunduki alichukua ng'ombe wa asiye nayo, na asiye nayo akauza ng'ombe waliobaki ili anunue. Uvamizi huo, pamoja na ukame, ulichangia njaa kubwa ya mwaka 1980. Silaha zilivuka mpaka kwenda kwa Waturkana na Wapokoti nchini Kenya. Serikali ya Uganda ilianza zoezi la kuzikusanya Desemba 2001, ikalirudia mwaka 2006, na bado eneo hilo halijatulia kabisa.

Hakuna mtu aliyepiga picha ya kuchekesha na bunduki za Moroto. Lakini kisa ni kile kile cha Aleppo: ghala lililofunguliwa, hakuna daftari, hakuna mwenye dhamana.

Nyara ni ya nani?

Tumesema kwamba kwa sheria silaha iliyotekwa ni ya dola. Sababu si ubahili wa serikali. Kila askari akiruhusiwa kuchukua chake, vita vinageuka uporaji, na nidhamu inavunjika. Ndiyo maana amri za jeshi la Marekani nchini Iraq na Afghanistan zilikataza kuchukua silaha kama kumbukumbu binafsi. Wanajeshi waliruhusiwa, kwa utaratibu maalumu, kupeleka nyumbani bunduki za kale walizonunua, na mstari uliochorwa na sheria ya Marekani ni mwaka 1898: iliyotengenezwa mwaka huo au kabla yake huhesabiwa kuwa kitu cha kale. Nchini Uingereza, wapo wanajeshi waliofikishwa mahakamani kwa kurudi na bastola kutoka Iraq.

Hata bastola ya Saddam Hussein, aliyokutwa nayo alipokamatwa Desemba 2003, ilifuata njia hiyo. Wanajeshi walimkabidhi Rais George W. Bush. Hakuondoka nayo kama mali yake. Iko chini ya hifadhi ya nyaraka za taifa, na imewekwa katika makumbusho ya urais wake huko Dallas.

Sababu ya pili ni ushahidi. Kila bunduki ya kiwandani ina namba iliyochongwa kwenye chuma. Shirika la Conflict Armament Research liliwatuma wachunguzi Iraq na Syria kati ya 2014 na 2017, wakakagua zaidi ya vitu 40,000 vilivyotekwa kutoka kwa kundi la Dola la Kiislamu. Kwa kufuata namba hizo waligundua kwamba baadhi ya silaha zilinunuliwa Ulaya Mashariki na Marekani na Saudi Arabia kwa ajili ya waasi wa Syria, zikaishia mikononi mwa kundi lile lile walilolipiga vita. Bunduki inayoning'inizwa ukutani bila kuandikwa haiwezi kutoa ushahidi wa aina hiyo.

Kwa ukanda wetu, Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 inazitaka nchi wanachama kuchonga alama kwenye bunduki, kutunza kumbukumbu, na kuharibu zile haramu. Novemba 2016 Kenya ilichoma moto bunduki 5,250 huko Ngong. Tanzania nayo hutoa muda wa kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, na magobore ya zamani huwa miongoni mwa zinazorudishwa. Ikiwa babu aliacha gobore darini, huo ndio wakati wa kulipeleka kituoni.

Basi utakapoona tena picha ya kijana amebeba bunduki ya kale vitani, usiishie kwenye umri wake. Uliza mambo matatu. Risasi zake bado zinatengenezwa na nani? Alama iliyo ubavuni ni ya nani, na aliitoa kwa nani? Na jioni ile, baada ya kamera kuzimwa, ilipelekwa wapi, na nani aliandika namba yake? Wakazi wa Karamoja wameishi kwa zaidi ya miaka 40 na jibu la swali hilo la tatu.